Mwisho wa Neno Ulibaki Mbeya

Niliingia Tukuyu mara ya tatu nikiwa juu ya magunia ya mchele kutoka Kyela, nikashuka kwa sababu ya ukungu. Lori lilisimama ili dereva apanguse kioo, nami nikaona jengo refu limekaa katikati ya weupe, halina msingi wala paa, madirisha tu yanaelea. Nilitaka kujua ndani yake kuna nini. Nikachukua mfuko wangu, nikamshukuru dereva, nikavuka barabara.

Ndivyo nilivyoishi miaka ile. Shule niliiacha mapema, kabla sijajua kugawanya vizuri, na tangu hapo nilikuwa naingia mahali kwa kuvutwa na kitu kidogo: harufu, mlio wa mashine, jina la kijiji nililolisikia kwa abiria. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini, sina mke wala sanduku. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilitandazwa chini kila penye kivuli, na kahawa ambayo zamani ilikuwa na mnunuzi mmoja tu sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na pikapu. Kwa mtu kama mimi nchi nzima ilikuwa kama nyumba iliyofunguliwa milango yote kwa pamoja, upepo unapita.

Mlangoni pa lile jengo nilimkuta mzee amepiga magoti mbele ya kitasa, anakisemesha kwa Kinyakyusa kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto ale.

"Mugonile, tata," nilimwamkia.

"Ee, ugonile." Akaniangalia kuanzia viatu kupanda juu. "Wewe wa wapi?"

"Wa njiani tu."

"Basi salamu umejifunsa njiani. Na kitasa?"

"Kitasa pia."

Akasogea pembeni. Kitasa hakikuwa na ugonjwa mkubwa, ni unyevu tu, springi imeshikwa na kutu. Nilikichomoa, nikakiosha kwa mafuta ya taa, nikakirudisha kikaitika. Siku hiyohiyo nikawa kibarua wa serikali.

Jengo lilikuwa la idara moja iliyosimamia mazao, na mzee alikuwa msimamizi wa majengo. Kabla ya hapo sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo. Nilidhani viti vya serikali vinajipanga vyenyewe. Kumbe yupo mtu anayeamua nani akae chumba gani, dirisha la nani litazame mlima na la nani litazame choo, nani apewe kabati lenye ufunguo na nani apewe lisilo nao. Mtu huyo ndiye anayejua bati linavuja wapi. Mvua ikianza, mzee alipita korido nzima na ndoo, akizitega kimya, na zilipoanza kulia kila moja kwa sauti yake alisimama akasikiliza, halafu akasogeza moja kidogo, kama anayetafuta wimbo.

Asubuhi ukungu uliingia ofisini kabla ya wafanyakazi. Tulipofungua vyumba tuliukuta umeshakaa kwenye viti. Mzee aliufukuza kwa kufungua madirisha ya upande wa pili, nao ukatoka polepole, bila haraka yoyote, kama mgeni anayejua kwamba kesho atarudi. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile korido, nyeupe mwisho hadi mwisho, na mlio wa funguo zake unakuja kabla yake.

Kazi niliyoitiwa ilikuwa ya kuhamisha. Amri ilikuwa imeshuka: serikali inapungua. Upande wa mbele wa jengo, unaotazama barabara, uachwe wazi upangishwe kwa wafanyabiashara, na watu wote wabanane upande wa nyuma. Nilibeba meza, mzee akatangulia na funguo. Sikuwahi kuona mtu akipanga vyumba namna ile. Aliingia chumba kitupu, akaketi chini, mgongo ukutani. Baada ya muda alisema, "Hapa wataketi mabwana shamba. Hawa rika moja, watagombana mchana, jioni watacheka." Au alitikisa kichwa tukatoka.

Nilimuuliza kwa nini asitazame tu vyeo. Akaniambia kwao Ikuti, zamani, vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wazee wakabaki chao, na kila mtu alijua pa kula na pa kupita. "Fyeo ni fya mshahara," alisema. "Kukaa ni kitu kingine."

Mfano wa hicho kitu kingine ulikuwa pale pale. Kati ya masijala na chumba cha fedha palikuwa na ujia mwembamba wenye mlango wake wa kutokea uani. Kwenye ramani ya jengo uliandikwa stoo, lakini haukuwa na kitu. Nilitaka kujua kwa nini, nikauliza mpaka mzee akachoka. Kumbe karani wa fedha, mama mmoja mchangamfu, alikuwa ameolewa na mtoto wa mtunza ghala. Kwa Wanyakyusa wa rika la mzee, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Mama akimwona mkwe kwa mbali huacha njia akaingia migombani. Serikali ilipowaajiri wote wawili haikuulizia hayo. Mzee ndiye aliyeuacha ule ujia, ili mama aingie na kutoka bila kukutana naye koridoni. Sasa mtunza ghala alikuwa amestaafu, yuko kwake Mpuguso na ng'ombe wake, na ujia ulikuwa umebaki. Hakuna aliyethubutu kuweka humo hata ufagio. Nilipenda kusimama mle. Palikuwa mahali palipojengwa kwa heshima tu, na heshima yenyewe imeshahama.

Upande wa mbele alibaki mtu mmoja, mama mpiga chapa. Babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani na bidhaa kichwani, akajenga nyuma ya msikiti, na mama alizaliwa humo. Kinyakyusa alikitumia kununulia ndizi, na Kiswahili cha bibi yake alikitumia kugombea. Yeye na mzee walikuwa wanagombana kila siku kwa raha zao.

"Nimekuja kuhamisa fiti," mzee alisema mlangoni.

"Viti, mzee. Viti. Fiti ni mtu aliyepona."

"Basi mama kesho ataketi juu ya mtu aliyepona."

"Nitaketi wapi?" Hapo hakutania tena. "Umeshanionyesha pa kila mtu. Pangu sijapaona."

Mzee alishika funguo zake akazitazama. Upande wa nyuma ulikuwa umejaa, na hilo lilikuwa jambo zito kuliko kukosa dirisha. Habari iliyozunguka ni kwamba panga la kupunguza wafanyakazi litaanza na wasio na pa kukaa. Mama alikuwa mjane. Watoto wake wawili walikuwa sekondari, mama yake mzazi hainuki kitandani, na wote walikula kutokana na ile mashine. Mkuu wa ofisi alikuwa ameitwa Mbeya, kwenye kikao ambacho kila mtu alijua ni cha majina.

Neno lilifika mchana, mvua ikiwa kubwa. Ofisi ilikuwa na simu ya upepo, redio ile ya kubonyeza kitufe unapoongea na kukiachia unaposikiliza, inayotumia betri ya gari. Mkuu alikuwa na tabia moja juu ya kitufe hicho: alikiachia mapema. Akiwa ofisini alimaliza maneno yake kama watu wote, lakini hewani yalikatika mkia. Tulikuwa tumezoea kukisia. Mzee alikaa mbele ya redio, mimi nimesimama nyuma yake na ndoo, bati linanguruma juu yetu.

"Meza za masijala ziwe zimehamia kufikia kes—" Krrr. "Wapangaji wamepatika—" Krrr.

"Bado, mkuu," mzee alijibu. "Wanakuja, wanaangalia, wanaondoka. Ofa," ndiyo ova yake ya kumaliza zamu hewani.

"Sawa. Na kuhusu mama mpiga chapa, nafasi yake itafut—"

Krrr. Halafu mvua.

Tulitazamana. Msomaji atamke mwenyewe. Mkuu akiwa amesema nafasi yake itafutwe, ni mama atafutiwe mahali. Akiwa amesema itafutwa, ni kazi yake inafutwa, basi. Herufi moja mwishoni, na neno nafasi lenyewe halisaidii, maana pa kukaa ni nafasi na kazi ni nafasi.

"Mwambie arudie," nilisema.

Mzee alikuwa ameshika kipaza sauti cha redio mkononi. "Betri imekwisa."

"Taa inawaka, tata."

Aliitazama ile taa ndogo nyekundu. Akainama, akauchomoa waya kwenye betri, kwa upole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Taa ikafa.

"Sasa imekwisa," alisema.

Mama aliingia ameshika upande wa khanga, ametoka mbio mbele ya jengo. Alikuwa amesikia mlio wa redio. "Mkuu kasemaje juu yangu?"

"Amesema nafasi yako itafutwe."

"Itafutwe au itafutwa? Sema vizuri, mzee wangu, leo usinitanie. Kwa kinywa chako sijui nipande au nishuke."

"Itafutwe. E." Mzee alisimama. "E ya embe."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndoo. "Haya," alisema polepole. "Embe. Nimelisikia."

Siku zilizofuata zimebaki kichwani mwangu kama siku moja ndefu isiyo na jua. Tulitafuta. Tulipita chumba hadi chumba, mzee anaketi chini, anainuka. Chumba cha mabwana shamba kilikuwa na moshi wa sigara na magunia ya mbegu. Masijalani mafaili yalikuwa yamefika kwenye dari. Hata kwenye ngazi aliketi, watu wakamruka. Nilikuwa najua kitu ambacho mama hakukijua, kwamba huenda tunamtafutia pa kukaa mtu aliyekwisha kuondolewa, na jambo hilo lilifanya kila meza niliyoibeba iwe nyepesi na nzito kwa wakati mmoja. Nilimuuliza mzee mara moja tu kama haogopi. Akasema, "Mimi nimeambiwa itafut. Mtu akiambiwa hifyo, anatafuta."

Tuliishia kwenye ujia. Mzee aliketi humo kwa muda mrefu kuliko kote, mpaka nikadhani amelala. Kisha akapapasa ukuta wa mwisho. "Hapa palikuwa na dirisa," alisema.

Lakini ujia ulikuwa na mwenyewe. Tulikwenda kwa karani wa fedha, mzee akavua kofia.

"Mama, ile njia yako. Tunaiomba."

Karani aliacha kalamu. "Na baba akija siku moja kufuatilia kiinua mgongo chake?"

"Akija nitakohoa."

"Ukikohoa mimi nitajuaje kama si mafua yako ya kila siku?"

"Nitakohoa fibaya. Wewe ingia chini ya mesa."

Karani alicheka mpaka akajifunika uso. Halafu akatazama ule mlango wake mdogo, na nikaona kwamba anauaga. "Mpeni," alisema. "Mwanamke asikose pa kupita, wala pa kukaa."

Mbao tulizipata Isongole, juu kule kwenye viazi, zikashuka na pikapu ya mnunuzi mmoja aliyetaka wema wa mzee kuhusu vyumba vya mbele. Tuliziba upande wa korido kwa mbao na mlango, tukavunja matofali yaliyoziba dirisha la zamani. Tofali la mwisho lilipoanguka nje, mlima Rungwe ulikuwa pale, umesimama karibu kuliko nilivyodhani, wingu limejifunga kiunoni. Sote wawili tulishika nyundo zetu tukautazama. Nadhani hakuna aliyeuona kutoka chumba kile tangu mtu aliyeziba dirisha kwa sababu zake.

Meza haikupita mlangoni. Niliikata miguu, nikaiingiza, nikairudishia. Juu yake tukaweka mashine. Mama aliingia kwa kujipinda, akaketi, magoti yakigusa ukuta mmoja na mgongo mwingine, akaandika mstari mmoja ili asikie. Mle ndani sauti ya mashine ilikuwa tofauti, imekuwa kubwa, inapita kwenye mbao inatembea korido nzima. Watu walichungulia.

"Kama ndani ya ngoma," alisema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Mzee, umenitia ndani ya ngoma."

Mkuu alirudi mchana mmoja, koti limelowa, ameshika mkoba. Alikuwa mtu wa mbali, mikoa ya ziwa, mpole kwa kawaida, na baridi ya Tukuyu ilikuwa haijamkubali bado. Alipita korido akisifia hiki na kile. Akafika kwenye mlango mpya. Mashine ilikuwa inalia ndani.

"Hii nini?"

"Nafasi ya mama, mkuu. Ulisema itafutwe. Tumeitafuta."

Mkuu alifumba macho. "Mzee. Nilisema itafutwa."

"Ulisema itafut," mzee alijibu. "Mwisho wa neno ulibaki Mbeya."

Mashine ikanyamaza. Hata karani nyuma ya ukuta aliacha kuvuta droo. Mkuu alisukuma mlango, akamwona mama, dirisha, na mlima nyuma yake. Nadhani angependa kuwa mahali pengine.

"Jina lako limeshakwenda, mama," alisema. "Lilikwenda siku ileile. Siwezi kulirudisha."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Mzee alivua kofia. Alionekana mdogo ghafla, na funguo zote zile shingoni. Aliniangalia mimi, si mama, na nikaelewa kwamba muda wote alikuwa ameamini, kweli kabisa, kwamba tukipatafuta vizuri neno lingejirekebisha lenyewe.

Mama hakulia. Alipanga karatasi zake, akazigonga mezani ziwe sawa. Halafu akasema, "Kazi imefutwa, nimesikia. Na chumba?"

"Chumba gani?"

"Hiki. Nacho kimefutwa?"

"Vyumba vya kupangisha viko mbele, mama."

"Vya mbele wafanyabiashara wameshavikataa, wanasema mtu ataweka nini kwenye ukumbi ule, arusi? Nipangisheni hiki. Na mashine hii chakavu, mnikate kwenye haki zangu. Mbona kila kitu siku hizi kinauzwa?"

Mkuu alisimama akidondosha maji sakafuni. Alitakiwa apeleke Mbeya taarifa ya wapangaji, na mpangaji hata mmoja hakuwa naye. Akamgeukia mzee. "Kwenye ramani hapa pameandikwa nini?"

"Stoo, mkuu."

"Stoo hupangishwa?"

Mzee alirudisha kofia kichwani. "Mimi sijawahi kukatasa."

Hivyo mpangaji wa kwanza wa jengo lile akawa mama mpiga chapa, ndani ya ujia wa mkwe. Nilitengeneza benchi la wateja nje, uani, chini ya kipande cha bati. Mwanzoni walikuja wachache, kisha wengi. Wanunuzi wa kahawa walitaka mikataba, maana kila mmoja sasa alikuwa kampuni. Wakulima wa Ikuti walikuja na malalamiko yao juu ya mizani za wanunuzi walewale, na mama aliwaandikia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila kumwambia huyu habari za yule. Wanakwaya walileta ratiba. Alilalamika kila siku kwamba magoti yanamuuma na kodi ni kubwa kwa chumba cha paka. Watoto hawakutolewa shule.

Mimi nilikaa mpaka mvua zilipokatika na zikarudi tena, muda mrefu kuliko kokote nilikokuwa nimekaa. Sina hakika kwa nini. Nadhani nilitaka kuendelea kuamka na kuukuta ukungu kwenye viti. Lakini viti vilizidi kupungua, vikapigwa mnada, na vyumba vya nyuma navyo vikaanza kuwa vitupu. Mzee aliendelea kutega ndoo kwenye vyumba visivyo na watu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema sakafu bado ipo.

Siku niliyoondoka nilipitia uani kunyoosha bawaba ya mlango wa mama, kazi ya mwisho. Mvua ilikuwa imeanza. Kwenye benchi walikaa mkulima mmoja wa Mpuguso na mama mwenye kikapu cha maparachichi. Mkuu akatokea koridoni, ameshika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ameikunja kuikinga na maji. Hakuwa na mkoba. Tulikuwa tumeshasikia, orodha mpya ilikuwa imetoka, jina lake limo, na safari hii neno lilifika zima. Alikuwa anaomba kazi kwa mnunuzi mmoja wa kahawa, na ombi halipelekwi kwa mwandiko wa mkono.

Alisimama dirishani. "Mama," alisema, "leo nafasi ipo?"

Mama hakuinua macho kwenye mashine. Vidole vilikwenda mpaka mwisho wa mstari, kengele ndogo ikalia, akarudisha gari la mashine mwanzo wa mstari kwa kiganja.

"Kaa, mkuu," alisema. "Itatafutwa."

Yule mama wa maparachichi akavuta kikapu chake. Mkuu akaketi hapo kati yao, chini ya bati, karatasi kwenye mapaja, na kutoka ndani nikasikia funguo za mzee zinakuja, na ndoo.